Agosti ya Jikoni

Kalenda tulipewa na duka la mbegu, pale Voi,
mwaka aliozaliwa Wakesho.
Januari ilikuwa maporomoko ya maji, Mei ilikuwa ng'ombe,
tukafunua, tukafunua, mpaka Agosti
nikakukataza kufunua tena.

Kisiwa cha Wagiriki:
nyumba nyeupe zimepandana mabegani,
mlango wa samawati, ngazi zisizokwenda shamba wala kisimani,
na paka juu ya ukuta, hana deni la mtu.
Nikasema, nimeinamia sufuria, Mwakio, nipeleke huko.
Ukasema, tutakwenda,
kama anavyoambiwa mtoto anayelilia mwezi.

Miaka kumi na mmoja jikoni kwetu ilikuwa Agosti.
Krismasi tuliila Agosti.
Mama yako tulimzika, tukarudi, tukachemsha chai, Agosti.
Moshi ukawapaka Wagiriki rangi ya ugoro.

Kisha gawio la sacco likatoka, nawe hukuniambia.
Tiketi mbili za basi ndani ya mfuko wa shati,
nikaziona nikitaka kufua.

Mokowe tulishuka na vumbi kwenye kope.
Tukavishwa maboya ya rangi ya chungwa, yananuka petroli,
ukaniangalia kwa aibu, ukasema,
Si Ugiriki, mama Wakesho. Ugiriki wanataka viza.
Mimi nilikuwa natazama mbele. Sikukujibu.

Bi Tima alitupokea mlangoni, Mkomani.
Ndooni, ndooni. Ni maharusi?
Ukacheka, ukamwambia, wa miaka kumi na tisa.
Hakuitaka hesabu hiyo.
Akapanda ngazi, akamwaga asmini kitandani vile vile.

Usiku ule tulilala
kama vijiko viwili katika droo ya mtu mwingine.
Tukazungumza karo.
Tukazungumza paa la choo.
Asmini zikasinyaa chini ya mgongo wangu, moja moja,
na zidaka ukutani zikatutazama, tupu,
kama zinangoja tuweke kitu.

Sitadanganya, kuta zile zilikuwa zinabanduka.
Mfereji ulipita katikati ya njia na maji ya vyombo,
na mlango wa samawati sikuuona,
niliona mmoja wa kijani, umefungwa kwa kamba ya katani.
Paka walikuwako. Wengi. Wembamba.
Mmoja alikula dagaa wako ukimtazama.

Asubuhi ya pili, nyuma ya msikiti mdogo,
njia ikawa nyembamba kama mkono wa kanzu.
Mvulana akapaza sauti, Ndia! Ndia!
na punda akaja na mifuko minne ya saruji,
hasimami, hana habari na mtu.
Ukanivuta ukutani.
Chokaa ikaniingia kwenye nywele,
mfuko mmoja ukakukwangua mgongo,
ukajisogeza, ukajisogeza, mpaka hapakuwa na pa kujisogeza.

Kifua chako kilinikumbuka kabla yako.

Punda akapita.
Akapita mvulana, na fimbo yake, na mluzi wake.
Akapita mwanamke na kapu la mahamri, akainamisha macho, akatabasamu,
na njia ikabaki nyeupe na wazi
upana wa kutosha watu wawili kutembea mbalimbali.

Hatukutembea.

Siku mbili zilizobaki siandiki humu.
Nitasema tu kwamba karo haikutajwa,
na kwamba Bi Tima aliongeza asmini bila kuulizwa,
na kwamba ulinichana ile chokaa kwa vidole, polepole,
ukidai bado ipo.

Juzi nimeishusha kalenda. Msumari ulikuwa na kutu.
Nilitaka kuona Septemba ilikuwa nini:
trekta, Mwakio. Trekta jekundu.
Nikacheka peke yangu mpaka uji ukamwagika.

Lakini njoo uone ukuta.
Pale ilipokuwa imening'inia moshi haukufika.
Umebaki mraba mdogo, mweupe, mweupe kabisa.
Wakesho anataka kuusugua pamoja na masizi mengine.
Nimemwambia auache.