Kwa Nani

Karani wa tiketi hakuuliza kituo. Aliuliza,
"Unakwenda kwa nani?"
kalamu imesimama juu ya kitabu
kama nzi anayechagua pa kutua.

Nikasema, Manyoni.
"Manyoni kwa nani?"
Nyuma yangu foleni ilibeba magodoro, jogoo, mtoto anayenyonya.
Nikasema, kwa Ndahani.

Hakuna Ndahani. Nilimtunga palepale dirishani,
noti zangu zikiwa bado zimekunjwa kiganjani.

Novemba inaisha. Redio inataja vuli,
lakini vuli ni mali ya watu wa pwani;
sisi Dodoma tuna mawingu yanayopita alasiri kukagua
kisha yanakwenda kulala kwa wengine.
Treni mpya ya umeme ilishaondoka kwenda Dar,
abiria wake nyuma ya vioo, safi kama chupa za dawa kabatini.
Mimi nikapanda hii ya zamani, ielekeayo machweo,
ambayo kabla ya kung'oka hukohoa behewa kwa behewa
hadi kikohozi kifike mkiani.

Miaka kumi na tisa nimesafiri na sababu:
msiba, mahari, mgonjwa, cheti cha mtoto kilichokosewa herufi.
Leo sina. Mkoba wangu mwepesi
hata naona haya kuupandisha kwenye chaga.

Nje ya Zuzu zabibu zimeshapogolewa,
zimebaki nguzo na nyaya,
shamba zima kama daftari lililofutwa.
Bahi, mbuga imekauka ikapasuka vigae;
mvulana anakanyaga nyufa moja moja, midomo inahesabu.
Akainua mkono. Nikainua wangu.
Hatukuwa na zaidi ya hayo ya kuambiana.

Jirani yangu ni Sikudhani, anarudi Urambo,
amevua viatu, amekalia khanga yake, anajua kuuliza.
"Huyo Ndahani ni nani wako?"
Binamu.
"Wa kwa baba au kwa mama?"
Kwa mama.
"Anafanya nini huko?"
Anarina asali.

Uongo ukishazaliwa unataka kunyonya.
Kufika Kintinku Ndahani alikuwa anachechemea,
ana baiskeli isiyo na breki,
mke alimwacha mwaka ule wa viwavi jeshi
akaondoka na sufuria kubwa, akamwachia mifuniko.
"Mifuniko tu!" akasema Sikudhani, akapiga kofi paja.
Makutupora, mimi mwenyewe nikaanza kumwonea wasiwasi:
nani anampikia?

Saranda jua lilikuwa limefika usawa wa madirisha.
Mabeseni yakaja mbio vichwani, kuku wa kukaanga, limau, pilipili,
mikono ikipanda, chenji ikishuka,
mwenye mzinga mmoja wa mkate akilia kuliko wote.
Sikudhani akanunua mapaja mawili.
Moja akalitafuna.
La pili akalifunga kwenye gazeti, akaniwekea mapajani.
"Mpelekee Ndahani.
Mwambie wa Urambo amemsalimu."

Nikatazama nje, ingawa nje hapakuwa tena na kitu.
Treni ilikuwa inapanda ukingo wa bonde, polepole,
kama mtu anayepanda ngazi na ndoo,
na gazeti lilikuwa linalowa mafuta,
na joto la mtu asiyekuwepo likipenya sketi yangu.

Manyoni, usiku. Nikashuka peke yangu.
Sikudhani akatoa kichwa chote dirishani:
"Yuko wapi? Amekuja?"

Jukwaa lilikuwa na mtu mmoja, mbali, mwenye taa,
anakagua magurudumu.
Nikampungia mkono kwa nguvu zote, kama ndugu.

Akasita. Akatazama nyuma yake.
Kisha akahamisha taa mkono wa kushoto
akanipungia wa kulia.

"Haya!" akapaza sauti Sikudhani, ameridhika,
na behewa likaanza kumwondoa.

Nyama ilikuwa bado vuguvugu.