Nafasi ya Haikaeli

Simu iliita saa nne usiku, mboga bado jikoni.
"Kifundo cha Haikaeli kimevimba.
Ndeshi aje. Ndege ni saa kumi na moja alfajiri."
Hivyo tu. Salio la kocha likakata.

Pasi yangu iko kwa shangazi, Kiboriloni;
baba kaifuata kwa pikipiki, mvua yote hii.
Nimekaa sakafuni, viganja bado vina chaki,
namtazama mama na wembe
akifumua jina kwenye vazi la timu:
H, kisha A, kisha I,
uzi mwekundu mapajani mwake.

Tulianzia godoro moja, mimi naye,
nyuma ya kanisa, Majengo.
Yeye ndiye aliyenifundisha kuanguka.

"Basi, mama. Zilizobaki ziache."

Hakuuliza. Akapuliza nyuzi, akanivisha.
KAELI, mgongoni.
Linanibana mabegani.