Deki ya Safari

Dukani kwa Murtaza, Barabara ya Biashara,
katikati ya maduka ya leso,
feni yazungusha hewa ile ile ya tangu asubuhi
nami nimesimama mbele ya deki tatu za mkononi
kama mtu anayenunua mbuzi:
nazifunua midomo, nazipima uzito,
nauliza umri.

"Hii, dada, betri saa mbili."
Saa mbili, Murtaza, ni Mazeras, tena tukijaliwa.
Sisi twaenda Taveta,
na Mariakani malori yamepanga foleni ya mizani
tangu wenye malori hawajaoa.

"Basi hii. Vioo viwili, kimoja kila kiti.
Watoto hawagombani."
Huwajui wangu.
Wape bahari waigawe,
watapigania chumvi.

"Na hiyo ya tatu?"
"Hiyo iliuzwa ikarudishwa.
Siiuzi kwa moyo."

Nimekuja na sidii yangu ya kujaribia,
nimeifunga kwenye pindo la leso:
harusi ya dada yangu Nyevu, uani Kibokoni,
mwaka ule mvua ilipokuja bila kualikwa.
Ina mkwaruzo, mwembamba,
kama njia ya konokono.

Deki ya kwanza iliimeza vizuri.
Mikono ya bibi harusi, hina mpaka viwikoni,
kisha, hop! wageni wananawa.
"Waona? Haikwami," asema Murtaza.
Ya pili nayo ikaruka, kwenye vioo vyote viwili.
Yaani mara tatu
baba hakupita.

Kwa maana pale penye mkwaruzo
baba yangu huvuka ua na sinia la pilau begani,
kanzu ameipandisha, kofia imelala upande.
Mpiga picha hakumtaka yeye,
alikuwa akimfuata bibi harusi.
Hatua nne, basi.
Picha zake nyingine zote ameketi,
amekaza shingo,
kama anayeomba pasipoti.

Ya tatu ikakohoa.
Ikasaga meno.
Ikasimama.

Na huyo hapo, kwenye kioo cha inchi saba:
mguu mmoja juu, sinia limeinama,
mdomo wazi, sauti imekatika kwenye "Nipi—"

Hamali aliyekuwa mlangoni na robota la vitambaa
akachungulia.
"Huyo mzee mbona hatui mzigo?"

Murtaza akainua kiganja aipige deki ubavuni.
Nikamwambia, wacha.

Nilihesabu. Kumi. Kumi na moja.
Ya kumi na mbili deki ikapiga chafya,
mguu ukakanyaga chini,
akapita.

"Mama, hii mbovu," asema Fumo,
"na katuni zetu zitakwama."
Zitakwama, mwanangu.
Mishi alitaka yenye michezo, amenuna
mpaka shavu limegusa kaunta.

Simu ikalia. Shee, yuko gereji, anabadilisha mkanda wa feni.
"Umechagua?"
"Nimechagua."
"Betri?"
"Haina betri ya kutajwa. Tutaichomeka kwenye tundu la sigara."
"Vioo?"
"Kimoja."
Nikasikia spana ikiwekwa chini.
"Bei je?"
"Murtaza kaona haya, kapunguza."
"Sasa wewe umenunua nini?"

Sikujua nimjibu nini pale, mbele za watu.

Tumeshakwenda Taveta nayo mara mbili.
Katuni hukwama, ndiyo.
Fumo huipiga kofi, Mishi humpiga Fumo,
viazi karai humwagika chini ya viti.
Lakini mdogo wao, Shumi, asiyejua hata herufi,
amejifunza kuhesabu humo garini,
kidole juu ya kioo, kwenye kofia ya babu asiyemkuta:
tisa, kumi, kumi na moja...

Hata Shee hupunguza mwendo,
husema ni mashimo.
Kisha deki hupiga chafya,
na kiti chote cha nyuma humalizia kwa kelele:
"—sheni!"