Daftari la Zhuzhuna

Arobaini yako ilipokwisha, majirani wakachukua viti vyao,
nikabaki jikoni na bahasha nane.
Gesi. Umeme. Maji. Taka. Mchonga mawe. Kodi ya jengo.
Mbili za benki nikazifunika kwa sahani.

Miaka thelathini na tisa, Zhuzhuna,
nilikuletea mshahara kama mtu aletaye samaki:
naubwaga mezani, nanawa mikono, naondoka.
Wa kumpaa magamba ulikuwa wewe.

Mimi ni fundi lifti. Majengo yote ya Kutaisi yenye ghorofa tisa
nimeyapanda kwa ndani, gizani, nimening'inia.
Najua waya wa chuma unavyolia kabla haujakatika.
Bei ya sukari sikuijua.

Benki, binti aitwaye Tamta akaniuliza namba ya siri.
Nikamwambia: muulize mwenyewe.
Akainama. Foleni nyuma yangu ikakohoa.
Akaunti ina jina lako, na jina lako
liko kwenye jiwe, na jiwe lenyewe
bado sijalimaliza kulilipa.

Daftari nililikuta chini ya kopo la unga wa mahindi.
Herufi zako ndogo, kama punje.
Jb. ni jibini. D. ni dawa za presha, zangu.
M. nikadhani ni mume, nikafurahi kuonekana kila siku.
Kumbe mkate.

Kisha: V. 60.
Kila tarehe tano. Miaka kumi na moja.
Lari sitini, hata mwezi ule tuliokula maharage tupu,
hata mwezi uliouza koti lako la manyoya
ukaniambia limeliwa na nondo.

Nina miaka sabini na moja, na wivu ukanipanda.
Valeri, daktari wa meno?
Vakhtangi wa ghorofa ya tatu, aliyekubebea matikiti?
Usiku kucha nikawapanga, nikawapangua.

Asubuhi nikaondoa sahani.

Mkopo wa Vazha. Mdogo wangu Vazha, aliyekwenda Saloniki
na fedha za duka ambalo halikufunguliwa.
Mdhamini: Otari. Sahihi yangu, imenyooka, ya mtu aliyekunywa.
Zimebaki awamu saba.

Na mimi kila karamu nilisimama na bilauri:
"Ndugu yangu! Alilipa deni lake hadi tetri ya mwisho!"
Watu wakanywa.
Wewe ulikuwa unaongeza mkate mezani.
Sasa nakumbuka: kila mara, hapo hapo, uliongeza mkate.

Dawa ya deni kulipa, husema watu.
Hawasemi ni nani anayemeza.

Jana Vazha alipiga simu. Huko kuna jua, alisema.
Akauliza: kaka, fedha je, unajimudu?
Kulikuwa na neno mdomoni, zito kama watu wanne.
Nikamwambia nasubiri chai ichemke.

Leo ni tarehe tano.
Nimesimama kwa Tamta, nimehesabu noti mara mbili,
mara ya pili kwa sauti.
Nikarudi. Lifti yetu, niliyoifunga kwa mikono hii,
inakula sarafu ya tetri ishirini kupanda,
kushuka ni bure.
Nikaitazama. Nikashika ngazi.
Ghorofa ya sita nilikaa kidogo, juu ya begi la viazi.

Mezani, chini ya mstari wako wa mwisho,
kwa mwandiko wangu wa kuchorea nyaya:
V. 60.
M. 1, cha jana, nusu bei.
Lifti, 0.