Namba Saba

Ramani ya bure, mikunjo minne,
imenipitisha lango la wafumaji,
ghala la chumvi, kanisa lenye mnara uliopinda shingo
kama mtu aliyeitwa jina.
Namba sita, sawa. Namba saba siioni.

Nazunguka. Mawe ya njia yanatafuna soli.
Juu dirishani Bi Irmtraud anakung'uta kitambaa cha meza,
makombo yananidondokea begani.
"Saba?" anajibu, Kijerumani cha polepole, cha kumhurumia mgeni.
"Bomu. Mama alikuwa anakanda unga, hapa hapa jikoni.
Wachora ramani hawakuwa na moyo wa kuhesabu upya."

Ananionyesha kwa kidevu:
baiskeli zimefungwa minyororo, mtofaa mmoja.
Karatasi imeandika: muda wa kutazama, dakika tano.

Natazama zote tano.