Mfereji wa Nne

Magego mia moja na kumi na mawili
yamelala ndani ya chupa za maji ya chumvi
kwenye rafu iliyokuwa ya vitabu.
Hayana majina. Yana namba, umri, jinsia,
na mtaa, kwa sababu niliomba mtaa uandikwe:
Katuba. Ruashi. Kenya. Kamalondo.
Profesa aliuliza, mtaa una kazi gani kwenye mzizi?
Sikujibu. Sikutaka tu yawe mawe.

Mchana umeme ni wa wagonjwa.
Usiku, ukiwepo, ni wangu na wa Musau,
fundi wa mashine, anayekunywa chai bila sukari
na kusema hawezi kusinzia mbele ya chupa zangu.

Tunasimamisha gego juu ya kipande cha nta,
mashine inalizunguka polepole
kama mnunuzi anayekagua mbuzi.
Kisha jino linafunguka kwenye skrini
tabaka kwa tabaka, jembamba kuliko ukucha:
weupe wa nje, kijivu cha ndani,
na katikati giza, njia
ambayo zamani ilipita damu na maumivu.

Nilifundishwa kwa mchoro: mizizi mitatu, mifereji mitatu.
Mchoro umenyooka. Mchoro haujawahi kutafuna muhindi wa kuchoma.
Humu chupani nimeona
mfereji uliopinda kama kiwiko,
miwili iliyoanza mbalimbali ikaoana njiani,
mmoja uliojikunja kama mwezi mchanga,
na vichochoro, vichochoro kati ya mfereji na mfereji,
ambamo sindano yangu haipiti
lakini usaha unapita bila kupiga hodi.

Namba sabini na moja.
Gego la kwanza la juu, kushoto. Mwanamume, arobaini na sita, Ruashi.
Shingoni mwa jino, utepe wa kijani
ambao mswaki haukuutoa: vumbi la shaba, miaka ishirini.
Hili sikuhitaji karatasi kulitambua.

Kyembe. Nilimtibu mimi.
Nilisafisha mifereji mitatu, nikaijaza, nikaifunga,
nikamwonyesha picha bapa ya eksirei, nikasema, imekwisha.
Akarudi baada ya wiki mbili.
«Dokta, kuko mutu anagonga mule ndani.»
Nikamwambia ni kidonda kinapona.
Akarudi tena, kashika shavu kwa viganja viwili:
«Miye najua sauti ya mutu aliyebaki chini.»
Nikampa vidonge.
Mara ya tatu hakubishana. Alisema, ng'oa.
Akalitazama kwenye sahani, akanisukumia.
«Baki nalo. Ukimuona, uniambie.»

Saa nane na dakika kumi usiku.
Nashuka ndani ya mzizi wa mbele, upande wa shavu,
tabaka la mia mbili, mia mbili na tatu,
na hapo, pembeni mwa kazi yangu nyeupe,
nyuma ya ukingo ambao ningeukwangua
kwa dakika mbili za subira,
nukta nyeusi.
Nashuka nayo. Haikatiki.
Inapinda, inasinyaa, inaendelea,
nyembamba kuliko unywele, hadi nchani.

Wa nne.

Musau anauliza, mbona umenyamaza?
Umeme unakatika.

Gizani ile nukta inabaki machoni mwangu, sasa nyeupe.
Jedwali langu lina safu ya «ndiyo» na safu ya «hapana».
Sina safu ya aliyekuwa akigonga,
wala ya aliyesikia akasema ni kidonda kinapona.

Asubuhi nitapiga simu. Kama hajashuka shimoni, atapokea.
Sijui nitaanzaje. Labda: Kyembe, alikuwepo.
Labda atakaa kimya,
na ndani ya kimya hicho nitasikia ulimi wake
ukienda kwenye pengo, kuchungulia.