Rejesta ya Mwalimu Zefania

Haikuwa Biblia, kama shangazi alivyoshikilia.
Ilikuwa rejesta ya shule, jalada la kijani,
pembe zimeliwa na mende wa Makongeni,
na juu yake, kwa mwandiko ule wa kukaza mkono:
Darasa: Ukoo wa Mwadime. Mkondo: Mmoja.
Mwalimu wa darasa: Z. K. Mwadime.

Babu mdogo. Ndugu wa tumbo moja na babu mzaa baba.
Hesabu, miaka thelathini na minne, kule Makadara,
akivuka reli jioni na chaki kwenye kope
kama aliyetoka kusagisha unga.
Akila, anaketi na kalamu nyekundu.
"Nyamazeni, mwalimu anasahihisha."
Tukanyamaza.
Kumbe alikuwa anatuita majina.

Nambari moja: Mwadime wa Mghalu, alikufa kabla ya reli. Mkato. Hayupo.
Mbili: Mkanyika, mkewe. Hayupo.
Tatu: mtoto, siku mbili, hakupewa jina.
Hapo hakuna mkato. Kuna tone la wino tu,
kalamu iligoma, au mkono.

Saba: Jothamu, babu yangu, fundi wa breki.
Vema, vema, vema, mstari mzima wa vema
hadi Juni ya sabini na nane,
na pembeni: Ruhusa ya kudumu.

Nane: Mghoi, dada yao. Amehama.
Shule aendayo: pameachwa wazi.
Nimemuuliza shangazi.
Amekoroga sufuria isiyo na kitu.

Jumamosi moja alinipeleka Gikomba kununua viatu.
Kila hatua kumi mtu mzima anasimama wima:
"Mwalimu!"
Askari wa trafiki alivua kofia, magari yakajipanga yenyewe.
Muuza viatu akakataa pesa.
"Ulinitandika kwa ajili ya saba mara nane."
"Na jibu?"
"Hamsini na sita."
"Basi pokea pesa zako, usiniharibie hesabu."
Viatu vilinibana. Sikusema.
Nilivaa mwaka mzima.

Mimi ni wa arobaini na moja, kwa penseli.
Tarehe ya kuzaliwa kaikosea kwa siku mbili,
na kwenye safu ya Maoni:
Amechelewa. Lakini amefika.
(Mama alikuwa amengoja miaka kumi na mmoja.)
Nimeyasoma hayo nimekaa sakafuni
katikati ya magunia na vyombo vilivyofungwa,
kwa kuwa nyumba za reli zinabomolewa
na wapimaji wameupaka mlango wetu namba nyekundu.
Nikacheka peke yangu.
Kisha nikaona kola imelowa.

Hakuoa. Au alioa mwaka mmoja, mke akarudi Wundanyi.
Au alikuwa na mtu huko Shauri Moyo,
mwanamke wa cherehani, aliyekuja matangani
akakaa nyuma kabisa, akaondoka kabla ya chai.
Kila mtu kwetu ana toleo lake,
na yeye, aliyeandika kila kitu, hili hakuliandika.

Ndipo nikamtafuta yeye mwenyewe.
Saba ni Jothamu. Nane ni Mghoi.
Yeye ndiye aliyewafuata, kitinda mimba;
lakini tisa tayari ni baba.
Nimerudia mara tatu, kidole juu ya karatasi.
Hayumo.
Mwalimu haandikwi kwenye rejesta ya darasa lake.

Babu mdogo, ulitupanga sote mstari,
waliokufa mbele, wachelewaji nyuma,
ukabaki nje umeushikilia mlango.

Nimechonga penseli kwa kisu cha jikoni.
Kati ya nane na tisa hapana nafasi,
nimekubana kwa herufi ndogo, zimelala upande,
mwandiko ambao ungenirudishia daftari.
Zefania Kisombe Mwadime.
Safu ya mahudhurio sijaigusa.
Nje wanagonga, wanataka funguo.
Nawaambia wangoje kidogo,
mwalimu bado anasahihisha.